Maswali ya Wasomaji: Likizo Hii Tunaingia Galari

Toleo lililopita niliwaomba mnitumie maswali kuhusu galari na makumbusho yetu, manake shule zinafunga na wazazi wengi wanatafuta pa kupeleka watoto bila kumaliza sente zote. Meseji zimekuja nyingi, nimefurahi sana, kutoka Ntinda, Busia, Arua, hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ukurasa ni mmoja kwa hiyo nimechagua zile ambazo wengi mmeuliza, zingine nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaacha, nimeweka mahali tu.

Dada habari za kazi. Nina watoto watatu, mkubwa yuko P6 na mdogo hajaanza nasari. Likizo wanashinda kwa TV kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nataka niwapeleke waone sanaa lakini naogopa vitu viwili, bei, na kwamba watapiga kelele tufukuzwe. Nianzie wapi?
Mama, Ntinda

Mama, usiogope, kufukuzwa hamtafukuzwa. Askari wa galari anachotaka ni watoto wasikimbie na wasiguse, basi, sauti zao hazina shida, mtoto anayeuliza "mama hii ni nini?" kwa sauti kubwa ndiye hasa sehemu zile zinamhitaji.

Kwa umri wa hao wako mimi ningeanzia Uganda Museum, pale Kira Road, takisi za Ntinda zinazopita Kamwokya zinakushusha karibu kabisa. Kiingilio kipo lakini ni kidogo, mwananchi analipa chini kuliko mtalii wa mbali na mtoto analipa chini zaidi. Ndiyo makumbusho ya zamani kuliko zote Afrika Mashariki, ilianza 1908 kule Old Kampala kwenye ngome ya Lugard, yule afisa wa Kiingereza, halafu miaka ya 1940 vitu vikahamishiwa Makerere kwenye shule ya sanaa, na jengo la sasa lilifunguliwa 1954, lilichorwa na Mjerumani anaitwa Ernst May. Ukiingia angalia pia jengo lenyewe, jinsi hewa na mwanga vinavyopita, watu wengi wanakimbilia vitu vya ndani ya kabati za vioo na jengo hawalioni.

Sasa sikia, usijaribu kumaliza makumbusho yote siku moja. Hapo ndo wazazi wengi wanachoka na watoto wanachukia. Nenda moja kwa moja kwenye vyombo vya muziki. Kuna ngoma za kila namna, engalabi ile ndefu, na pia ndingidi (zeze la uzi mmoja), amadinda (marimba ya mbao), adungu (vinubi) za West Nile, na vingi vilikusanywa na Klaus Wachsmann ambaye alikuwa msimamizi pale miaka ya 1940 na 1950, alizunguka nchi nzima na mashine ya kurekodi, na enzi zake makumbusho hii ilijulikana kwa kuwa na wanamuziki wanaowapigia wageni vile vyombo badala ya kuviacha vinyamaze kwenye kabati. Kwa hiyo muombe mtu wa kuwatembeza, kwa heshima, mwambie watoto wangependa kusikia. Mara nyingi kuna mtu anajua kupiga, na ukimuuliza anafurahi.

Beba penseli na karatasi kwa kila mtoto. Penseli, sio bic wala rangi za maji, manake wino ukimwagika kwa kitu cha miaka mia moja hautoki. Mpe kila mmoja kazi yake, mkubwa achore chombo kimoja tu lakini akichore vizuri, ahesabu nyuzi, aone ngozi imefungwaje, wa katikati atafute kitu kilichotengenezwa kwa ngozi ya mjusi (ndingidi hiyo, kichwa chake kidogo kimefunikwa ngozi ya kenge, lakini usimwambie, mwache atafute), na mdogo achore chochote anachotaka. Akichoka toka naye nje, nyuma kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, mtoto anaweza kuingia ndani akaona watu walilala wapi na jiko lilikaa wapi, halafu kuna majani ya kukaa mkala mlichobeba.

Siku nyingine mpeleke mkubwa peke yake Nommo, galari ya taifa, ipo Nakasero Victoria Avenue, imekuwepo tangu 1964. Au Afriart, 7th Street kule Industrial Area, ukumbi mkubwa na kazi za wasanii wa sasa hivi. Galari nyingi za Kampala hazitozi kiingilio, hili watu wengi hawalijui, wanapita mlangoni wakidhani ni ya matajiri na mabalozi. Piga simu kwanza lakini, kwa sababu kati ya maonesho na maonesho galari inafungwa siku kadhaa wakitoa za zamani na kutundika mpya, usije ukasafirisha watoto mkakuta ngazi na misumari.

Na siku ambayo nauli haipo, fanyeni shanga za karatasi nyumbani. Sanaa Gateja, msanii wetu mkubwa ambaye kazi zake zilienda mpaka maonesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, 2024, ndiye aliyefundisha wanawake wengi hapa kutengeneza shanga hizo. Chukua gazeti la zamani au kalenda, kata pembetatu ndefu na nyembamba, anza kukunja upande mpana kwenye kijiti cha meno mpaka ufike kwenye ncha, paka gundi mwishoni, chomoa kijiti. Ukiwa na vanishi paka, zikauke kwenye uzi. Halafu mtoto akija kuona kazi ya Gateja yenyewe, shanga maelfu zimeshonwa kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti, mpaka zikawa ukuta mzima wa rangi, atasimama pale muda mrefu kuliko wewe kwa sababu mikono yake inajua kazi ile ilichukua muda gani.

Dada, mi ni mtu wa boda, steji yetu iko karibu na Sheraton. Kila siku naona ile sanamu ya Independence, mtu ameinua mtoto juu. Bazungu wanashuka wanapiga picha wananiuliza nani alitengeneza na mi nabaki kimya. Ni nani? Na mbona huyo mtu amefungwafungwa vile?
Mtu wa boda, Kampala

Swali zuri sana hili ndugu yangu, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu sanamu ile inaonwa na watu wengi kuliko kazi yoyote ya sanaa Uganda. Na sisemi barabarani tu. Toa noti yoyote mfukoni, hizi za muundo ulioanza 2010, angalia upande wa mbele, utaikuta pale ndogo pamoja na ramani ya nchi na michoro ya mikeka. Kila siku unapokea sanamu hiyo kwa mkono na unarudisha chenji kwa sanamu hiyo.

Aliyeitengeneza ni Gregory Maloba. Na hapa bazungu wako watashangaa, hakuwa Mganda, alikuwa Mkenya, mtu wa upande wa Mumias. Alikuja Makerere kijana kabisa kusoma kwa Margaret Trowell, mama wa Kiingereza ambaye 1937 alianza darasa la sanaa kwenye veranda ya nyumba yake, wanafunzi wachache tu, na mwaka uliofuata wakaonesha kazi zao Namirembe, na 1939 kazi hizo zikaenda kuoneshwa London. Darasa lile la veranda ndo limekuwa shule ya sanaa ya Makerere inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Maloba alisoma pale, akabaki akawa mwalimu pale, na nchi ilipokuwa inajitayarisha kwa uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, kazi ya kutengeneza mnara ikawa yake. Baadaye alirudi Kenya akafundisha chuo kikuu Nairobi.

Vile vitambaa vilivyomzunguka ni vifungo. Mwili ulikuwa umefungwa na sasa unafunguka, na mtoto aliyeinuliwa ni nchi mpya, imezaliwa, inaoneshwa kwa jua. Hivo ndo watu wengi wanavoisoma na mimi nakubaliana nao. Ila nakuomba kitu kimoja, siku abiria hakuna, egesha boda, izunguke kwa miguu. Wanaopiga picha wote wanasimama mbele. Nenda pembeni, nenda nyuma, angalia vitambaa vinapanda vipi kutoka chini, mikono inaanza kunyooka wapi. Iendee asubuhi na iendee saa kumi na moja jioni, kivuli kikigeuka uso nao unageuka. Wewe una nafasi ambayo mtalii wa dakika tano hana.

Na pia ujue boda zenyewe zimewahi kuwa sanaa mjini hapa. Kwenye tamasha la KLA ART la 2014, linaloandaliwa na 32° East, kituo cha wasanii hapa Kampala, wasanii walichukua pikipiki wakazigeuza kazi za sanaa zinazotembea barabarani, watu wakaziona kwenye foleni na kwenye soko bila kununua tiketi. Mwaka 2012 tamasha hilohilo lilitumia makontena ya meli, wakayaweka sehemu mbalimbali za mji. Kwa hiyo mtu akikuambia sanaa inakaa ndani ya jumba lenye kiyoyozi, una la kumjibu.

Mwalimu mwenzangu aliwapeleka wanafunzi galari wakakatazwa flashi na kugusa, wakarudi wamenuna. Mimi nataka kuwapeleka wangu muhula ujao. Niwaeleze nini ili waelewe sababu, sio kuogopa tu?
Mwalimu, Busia

Mwalimu, asante kwa kuuliza sababu, watoto wakijua sababu hawagusi hata ukiwaacha peke yao.

Kugusa ni rahisi kueleza. Kidole kina mafuta na jasho na chumvi, hata kikiwa kisafi. Mtu mmoja akigusa huoni kitu, ila shule tano zikigusa mahali palepale mbao inakuwa nyeusi, chuma kinaanza kutu, kitambaa kinashika uchafu ambao huwezi kuufua. Fanya jaribio darasani kabla hamjasafiri, weka karatasi mbili nyeupe, moja kila mtoto aipapase akipita mlangoni wiki nzima, nyingine hakuna kuigusa, Ijumaa mziweke ubaoni pembeni kwa pembeni.

Mwanga ni mgumu kidogo. Mwanga unaua rangi polepole na kilichokufa hakirudi, angalia pazia la dirishani upande unaopigwa jua. Ndo maana makumbusho nyingi duniani zikionesha karatasi, nguo au rangi za maji zinaweka taa hafifu sana, kiwango wanachotumia ni kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), mpaka mgeni anaona kama chumba kina giza. Flashi ya simu moja haiwezi kuharibu picha, tuwaambie watoto ukweli, lakini mwanga unajumlishwa mwaka hadi mwaka, na flashi inasumbua aliye pembeni anayeangalia, na tena kwenye kioo inarudisha duara jeupe kwa hiyo picha yenyewe haina maana. Sehemu zingine wanakataza picha kabisa kwa sababu kazi ni mali ya msanii. Uliza mlangoni.

Ukipata nafasi, waoneshe lubugo na uwaeleze inavyotengenezwa, manake hapo ndo hizi sheria zote zinapata uzito. Gome la mti wa mutuba linatolewa wakati wa mvua, shina linafungwa majani ya ndizi lipone, mwaka mwingine linatoa gome lingine, mti mmoja unaweza kuvunwa miaka mingi sana bila kukatwa. Gome linachemshwa, halafu linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, ndani ya banda lisilo na jua kali ili lisikauke haraka, masaa mengi, watu kadhaa kwa zamu, linatanuka linakuwa laini, ndipo linaanikwa juani na jua linalipa ile rangi yake ya udongo mwekundu. UNESCO iliitangaza kazi hii 2005 kuwa urithi wa dunia nzima na ikaingia kwenye orodha yao 2008. Wasanii wa leo kama Xenson na Gateja wanaitumia, kwa hiyo watoto wanaweza kuiona kwenye makumbusho kama kitu cha wafalme na mazishi, na mchana huohuo wakaiona galari kama kitu cha mwaka huu. Hiyo ndo ziara ningekupangia kama ningekuwa mwalimu mkuu wako.

Kipande kidogo cha lubugo kinauzwa kwenye maduka ya kazi za mikono, nunua kimoja, beba darasani, hicho wakiguse watakavyo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nilialikwa na marafiki kwenye ufunguzi wa maonesho. Watu wanatikisa kichwa mbele ya picha, mimi naona rangi zimemwagwa tu. Je ni mimi sina akili ya sanaa?
Mwanafunzi, Makerere

Akili unayo. Tatizo ni ile jioni ya ufunguzi, hakuna anayeangalia picha jioni ya ufunguzi, watu wanaangaliana na wanakunywa soda, na wanaotikisa kichwa wengine nao hawajaelewa.

Rudi siku ya kawaida, asubuhi, galari ikiwa tupu. Chagua kazi moja inayokukera au inayokuvuta, usichague ile ambayo haikufanyi chochote. Kaa nayo dakika kumi, simu mfukoni. Usisome kikaratasi cha pembeni kwanza. Jiulize vitu vya kawaida kabisa, imetengenezwa kwa nini, mkono ulipita wapi kwa haraka na wapi kwa upole, jicho langu linaanzia wapi na linaishia wapi. Ndipo usome jina la kazi na mwaka. Mwaka ni muhimu sana kwa nchi yetu, kazi ya 1972, enzi za Amin, na kazi ya 1987, Museveni ameshaingia, haziwezi kusomwa sawa.

Na wewe umekaa juu ya hazina hapohapo chuoni. Nenda maktaba kuu uone sanamu ya Francis Nnaggenda, inaitwa War Victim, aliichonga miaka ya 1980 kutoka shina kubwa la mti. Mwili umekatwa, viungo havipo, na bado umesimama na una nguvu, huwezi kupita bila kuuhisi kifuani hata kama hujui jina la mchongaji. Wanafunzi wanapita pale na vitabu kila siku. Hakuna "rangi zimemwagwa" pale lakini kuna kitu kilekile unachokitafuta, umbo linakuambia jambo ambalo mchongaji hakuliandika kwa maneno. Ukishaiangalia vizuri hiyo, tembea mpaka galari ya chuo, Makerere Art Gallery, iko kwenye shule ya sanaa, imefunguliwa tangu 1969 na ina mkusanyo wa kazi za walimu na wanafunzi wa miaka mingi. Mlangoni mwambie mhudumu unataka kuona kazi za wasanii kama Ntiro, Musoke au Nnaggenda, aulize kama kuna zilizotundikwa.

Ukiangalia hivo kazi tatu, moja baada ya nyingine, siku tofauti, nakuhakikishia ile picha ya rangi kumwagwa utarudi kuiona upya, na unaweza ukaamua kabisa kwamba ni mbaya. Hiyo pia ni haki yako, ila sasa utasema kwa nini.

Dada, kaka yangu anaishi London na amenikaribisha mwezi wa nane. Anasema majira ya joto kule kuna maonesho kila kona, hasa moja kubwa la kila mwaka. Nione nini kwa siku chache, na kuna chochote cha kwetu?
Msomaji, Mbarara

Hongera kwa safari. Kule kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane jua linachelewa kuzama, na shule zinafunga kuanzia mwisho wa Julai, basi makumbusho zinapanga maonesho makubwa na shughuli za familia, kuchora, ufinyanzi, matembezi ya kuelezwa, na zingine siku fulani zinachelewa kufungwa mpaka usiku.

Hilo anosema kaka yako nadhani ni Summer Exhibition ya Royal Academy, pale Piccadilly. Limefanyika kila mwaka bila kuruka tangu 1769, hata vita kuu mbili hazikulisimamisha. Kinachonifurahisha ni utaratibu wake, mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka kazi yake, analipa ada, majaji wanachagua, kwa hiyo picha ya msanii maarufu inaweza kutundikwa pembeni ya picha ya mtu ambaye hakuna anayemjua. Kazi zinapita elfu moja, zimebanana mpaka juu karibu na dari, na nyingi zinauzwa. Kiingilio kipo na si cha bei rahisi, uliza tarehe ya kufunga kabla ya kukata tiketi ya ndege. Mimi ningependa sana tuwe na kitu kama hicho Kampala, mlango wazi kwa kila mkono.

Tate Modern nenda pia, kuingia ni bure isipokuwa maonesho maalum. Jengo lilikuwa kiwanda cha umeme pembeni ya mto Thames, likafunguliwa kama makumbusho 2000, na ule ukumbi ambao mitambo ilikaa sasa unawekwa kazi kubwa kama nyumba.

Cha kwetu kipo, na kinauma kidogo. British Museum, nako kuingia bure, wana kichwa cha Luzira. Ni cha udongo uliochomwa, kilipatikana 1929 wakati wafungwa wanachimba pale gereza la Luzira, na ni moja kati ya sanamu za zamani sana za mtu zilizopatikana sehemu hizi. Andika uulize mapema kama kipo chumba cha maonesho au kipo stoo. Ukikipata kisimamie kwa niaba yetu sote, Waganda wengi tunakijua kwa picha tu. Mambo yameanza kusogea lakini, Juni 2024 chuo kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 kwa Uganda Museum, kwa mkopo wa miaka mitatu kwanza. Mkopo wa vitu vyetu wenyewe, wengi wamelalamika na wana haki, mimi pia naona virudi moja kwa moja, ila nafurahi kwamba vimefika ardhi hii na wazee wanaweza kuviona. Ukirudi kutoka London pita Kira Road uulize vinaoneshwa lini.

Nimepata kazi, nataka kununua picha moja ya ukutani ya msanii wa hapa. Sijui bei wala nisidanganywe vipi.
Msomaji, Kololo

Kwa ufupi, zunguka kwanza mwezi mzima bila kununua. Kazi ya kijiji cha ufundi nyuma ya National Theatre ni nzuri kwa zawadi, lakini ukiona picha ileile ya twiga kwenye vibanda vitatu ujue ni nakala za kuchorwa kwa mkono, lipa bei ya nakala. Galari inachukua asilimia yake kwa mauzo, hiyo ni halali, wanalipa kodi ya nyumba na taa na wanamtangaza msanii, kwa hiyo usimvizie msanii pembeni ili ukwepe galari iliyokutambulisha kwake. Uliza bei bila aibu, uliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo, wengi wanakubali. Dai karatasi yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, na saini. Na usiitundike mkabala na dirisha la jua la mchana.

Mimi ni Mkongomani, niko kambi ya Nakivale, nachora kwa penseli na rangi kidogo nilizonazo. Nawezaje kuoneshwa Kampala? Watu wananiambia mimi ni mgeni, galari hazitanitaka.
Kijana, Nakivale

Mdogo wangu, wanaokuambia hivo hawajui historia ya sanaa ya mji huu. Nimeshaeleza hapo juu kwamba sanamu ya uhuru wa Uganda ilitengenezwa na Mkenya. Sam Ntiro alikuwa Mchaga wa Machame, Tanzania, alisoma na kufundisha Makerere, akachora maisha ya kijijini kwao, na picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York 1960. Elimo Njau naye ni wa Marangu, alisoma Makerere, akachora Yesu Mwafrika kwenye kuta za kanisa la Murang'a kule Kenya, kisha 1965 akaanzisha Paa ya Paa pale Nairobi. Wote walikuja hapa wageni. Kampala ilijengwa kisanaa na watu wa pande zote hizi na wewe unaingia kwenye mstari huohuo.

Sasa ya kufanya. Chora mnayoyaishi hapo, foleni ya maji, mama anayesuka, mpira jioni, usichore simba na twiga kwa sababu mtu amekuambia ndo zinauzwa. Chagua kazi kumi bora, sio thelathini. Zipige picha mchana nje kwenye kivuli, karatasi imelala sawa, simu imenyooka juu yake, bila flashi. Kila moja iandikie jina, mwaka, ukubwa kwa sentimita na umetumia nini. Halafu andika mistari mitano kuhusu wewe na kwa nini unachora, kwa Kiswahili kwanza, na mtu akusaidie kuweka Kiingereza.

Anza karibu. Igongo, kituo cha utamaduni kilichopo barabara ya Masaka ukitoka Mbarara, wana makumbusho na wageni wengi, nenda uone na uulize kama wanapokea kazi. Masaka kuna Weaver Bird, alianzisha Collin Sekajugo, ambaye 2022 yeye na Acaye Kerunen waliiwakilisha Uganda Venice mara ya kwanza kabisa na banda letu likatajwa na majaji kwa heshima maalum. Kampala, tuma kwa 32° East, wako Kabalagala, walianza 2011, wana nafasi za wasanii kukaa na kufanya kazi, wana maktaba ya vitabu vya sanaa, na wanapotangaza nafasi soma masharti yote, tarehe ya mwisho ni tarehe ya mwisho kweli. Ukikataliwa mara ya kwanza uliza kwa adabu waliona nini cha kurekebisha, halafu tuma tena mwaka unaofuata na kazi mpya.

Na mtu yeyote akikutaka utume pesa kwa simu kwanza ndipo "akuingize" kwenye maonesho, usitume, kata simu, galari zote nilizokutajia utaongea nao kazi kwanza. Nitumie zile picha kumi kupitia anwani ya jarida, nitaziangalia moja moja na nitakujibu.